Foronya Tatu za Mama Pasi

Watu walimwita Mama Pasi, na mtoto hakuwa naye hata wa dawa. Pasi ndiyo iliyompa jina. Tangu ana miaka kumi na mitatu alikuwa akinyoosha nguo za watu pembeni ya mama yake, na wateja walipenda kumtania kwamba kifungua mimba wake ni ile pasi ya mkaa, kwa sababu ndiyo aliyoilisha, akaipulizia na kuibeba kila alikokwenda. Yeye alicheka tu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mrefu, si msemaji sana. Ukimjia na shati lililokunjamana, atalitazama shati kwanza, ndipo akutazame wewe.

Mwaka ule akapata kazi ambayo dobi wa mtaani huisikia kwa watu tu. Hospitali kubwa ya jijini ilimtaka katika chumba chake cha kufulia, kazi ya kudumu, mashine zinazozunguka zenyewe na likizo juu. Jiji lilikuwa mbali na mji wao mdogo, safari ya kutwa nzima. Angekuwa peke yake, mimi nisingekuwa na la kusimulia, maana mtu mzima na begi lake hakosi pa kujibanza. Lakini alikuwa na mama yake.

Bi Mkubwa naye alikuwa dobi, tena dobi wa kutajwa. Enzi zake alishika kichwani alama za wateja sitini. Dobi haandiki jina la mtu kwenye nguo. Hushona alama ndogo ya uzi upande wa ndani, kwenye ukosi au kwenye pindo, ili shati la mwalimu lisimfikie mwenye bucha. Alama sitini, na daftari hana! Nguo za nyumbani kwao zilikuwa na alama yake pia: nyuzi tatu nyekundu zimelala pamoja, na mmoja wa buluu umezikata katikati.

Sasa kichwa hicho kilikuwa kinachuja, kama kitambaa kisichoshika rangi. Asubuhi Bi Mkubwa alisahau kama amekunywa chai, jioni akasahau kama ni jioni. Alimwita mwanawe "dada", siku nyingine "dada dobi", kwa adabu zote, kama mtu anayemshukuru mgeni aliyemsaidia mzigo. Jambo hilo lilimuuma Mama Pasi kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote.

Na kubwa kuliko yote, Bi Mkubwa alikuwa na miguu. Mlango ukiwa wazi, huyo, ameondoka, anakwenda kuchukua nguo kwa wateja waliokwisha kufa zamani. Kwao hilo halikuwa tatizo, maana mji mzima ulimjua na mji mzima ulimrudisha. Jijini nani angemjua?

Kaka yake Mama Pasi alikuwa na jibu kwenye simu. Ndugu walio mbali hawakosi majibu.

"Mfungie tu," alisema. "Kufuli moja, ufunguo mfukoni, unakwenda kazini roho kwatu."

"Kaka, mama si kuku."

"Basi mlete kwangu."

"Kwako ghorofa ya nne? Na wifi hataki hata paka?"

Kaka akakohoa, akauliza habari za mvua.

Basi, jambo lililomkaa moyoni lilikuwa hilo moja. Apate mtaa ambao kodi yake ataimudu, na ambao mlango wa mama yake hautafungwa kwa nje. Akiukosa, kazi ya hospitali aiache, arudi kwenye pasi yake ya mkaa. Alimwacha Bi Mkubwa kwa jirani kwa siku tatu, akapanda basi peke yake kwenda kutafuta.

Dalali aliyempata alikuwa bwana mnene wa makamo, mwenye mwavuli hata jua likiwaka na viatu vilivyochoka kuliko yeye. Alikuwa na mdomo mtamu, kama ilivyo kazi yake.

"Wewe sema tu, dada yangu. Maji? Umeme? Choo cha ndani? Ukimya?"

"Nataka mtaa unaorudisha."

"Unaorudisha nini?"

"Kilichopotea."

Dalali alifunga mwavuli, akaufungua tena. "Hiyo kwenye orodha yangu haipo," alisema. "Lakini twende, tutaona. Wewe usiwe na wasiwasi, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Na wewe umenitembeza tangu saa mbili," Mama Pasi alimjibu, na dalali akacheka hadi tumbo likatikisika.

Ndani ya mkoba Mama Pasi alikuwa na foronya tatu nyeupe, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa kona kwa kona. Ilikuwa mbinu ya Bi Mkubwa. Zamani, alipokuwa binti anatafuta uwanja wa kufunga kamba zake za kuanikia, kila mtaa alioufikia aliangusha kitambaa kimoja safi njiani, akazunguka, akarudi kuona wamekifanya nini. Aliamini nguo isiyo na mwenyewe ndiyo itakayokuambia ukweli, kwa sababu mwenye nyumba atakudanganya na jirani atakuchekea. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na hizi ndizo zilizokuwa za dobi.

Mtaa wa kwanza ulikuwa kando ya barabara kuu. Chumba kilikuwa kizuri, madirisha mawili, bomba mlangoni. Mama Pasi aliangusha foronya yake mbele ya duka la vyombo, wakaenda kuona chumba, wakarudi. Foronya ilikuwa palepale ilipoanguka, ila haikuwa nyeupe tena. Ilikuwa imekanyagwa na viatu, na baiskeli, na gari moja lenye matairi mapana. Watu waliipita kama hawaioni. Aliiokota, akaikung'uta, akairudisha mkobani.

Mtaa wa pili ulikuwa bondeni, nyuma ya maghala. Kodi yake ilikuwa ndogo kuliko zote. Vyumba vimesongamana, redio tatu zinaimba nyimbo tatu, watu wanaitana dirisha kwa dirisha. Mama Pasi aliangusha foronya ya pili karibu na kibanda cha mkaa. Hawakuchukua hata robo saa. Waliporudi, foronya haipo. Aliangalia chini, akaangalia kwenye kamba za watu, akaangalia mtaroni.

"Imeshakuwa pazia la mtu," alisema dalali.

Mama Pasi alisonya. Kama foronya yenye thamani ya chai imenyakuliwa kabla haijapoa, mama yake angevuliwa nini? Aliuvuka mfereji kwa daraja la mbao na moyo mzito, na hakugeuka nyuma.

Ng'ambo ya daraja ndipo ulipokuwa mtaa wa tatu. Ulikuwa mtaa wa kuta, kila nyumba na ukuta wake uliopakwa chokaa, umefagiliwa, na watu wake wanasalimia vizuri. Kodi ilikuwa juu kidogo ya alichopanga. Aliangusha foronya ya mwisho, akaenda, akarudi. Nayo ilikuwa imeokotwa, imekung'utwa vumbi, imetandikwa juu ya ukuta na kuwekewa kijiwe isipeperuke. Mama Pasi alisimama akaitazama, macho yakamjaa machozi mbele ya dalali.

"Hapa," alisema. "Hapahapa."

Na kama angekuwa mtu wa kuapa, angeapa.

Walihamia mwanzoni mwa mwezi. Chumba kimoja, baraza ndogo, kamba moja ya kuanikia nyuma. Mama Pasi aliingia kazini saa moja asubuhi na kutoka saa tisa, mikono ikinuka dawa ya hospitali. Kila asubuhi alimwachia mama yake chai kwenye chupa, mkate, na kapu la nguo za kukunja, ambazo usiku alizikunjua ili kesho ziwepo za kukunja tena. Wiki mbili zilipita salama. Akaanza hata kuimba mbele ya mashine.

Wiki ya tatu, Bi Mkubwa akatoka.

Mama Pasi alimkuta saa tisa na nusu, amekaa kwenye ngazi ya duka la kona, gauni limelowa haja ndogo, midomo imekauka, uso umepigwa na jua. Alikuwa hapo tangu saa tatu asubuhi. Alitazama mapaja yake kama mtu aliyeambiwa asubiri.

"Ndiye mama yako?" aliuliza mwenye duka, akitoka nje kwa furaha. "Ahaa! Tulimkalisha hapo aonekane. Tulijua mwenyewe atapita tu. Na kila mtu amemwamkia, hakuna aliyemsumbua."

"Mlimpa maji?"

"Hakuomba."

Na tuseme ukweli, hawakuwa watu wabaya. Hakuna aliyemcheka, hakuna aliyemgusa. Kila aliyepita alimwona, akamwamkia, akafikiri mwenyewe yuko njiani. Mama Pasi alimwinua mama yake akamshika kiuno, na walipokuwa wanajikokota kuelekea nyumbani ndipo alipoukumbuka ukuta na kijiwe. Foronya yake walikuwa wameiweka vizuri sana. Lakini hakuna aliyeibeba kuitafutia mwenyewe.

Jioni ile kaka alipiga simu, akarudia lile la kufuli, na safari hii dada yake alimkubalia. Kesho yake alipotoka kazini alipitia dukani, akanunua kufuli.

Asubuhi iliyofuata alimwamkia mama yake, akamwekea chai, akatoka, akafunga mlango kwa nje. Ufunguo aliutia mfukoni. Alikwenda hatua kama kumi, na hapo akasikia mlango unagongwa kutoka ndani. Haukugongwa kwa fujo. Uligongwa taratibu, mara tatu, jinsi mtu mwenye adabu zake anavyogonga nyumba ya watu.

"Hodi," alisema Bi Mkubwa kutoka ndani. "Hodi wenyewe. Nimeleta nguo."

Mama Pasi alisimama.

"Hodi jamani. Kama hamna nafasi nitasubiri."

Alirudi zile hatua kumi mbio. Alifungua, akamkumbatia mama yake pale mlangoni, akamwambia karibu mama, karibu, nguo tumepokea. Bi Mkubwa akasema ahsante dada, akarudi kukaa kando ya kapu lake. Mama Pasi alilitupa kufuli chini ya kitanda. Alichelewa kazini nusu saa, akasemwa, akakubali kusemwa. Kutwa nzima alipanga maneno ya kumwambia msimamizi wake: ninaacha kazi, nakushukuru. Aliyapanga vizuri, akaamua atayasema kesho asubuhi.

Aliporudi, mlango ulikuwa wazi na kapu limejaa nguo zilizokunjwa. Mtu hakuwemo.

Alikwenda dukani, ngazi ilikuwa tupu. Mwenye duka alisema alimwona akipita asubuhi, akamwamkia. Alizunguka ukuta kwa ukuta, anaita, "Mama! Mama!" akijua kwamba hata akisikika, yule anayemwita hajui tena kuwa ni mama yake. Watu walitoka milangoni, wakasikitika, wakamwambia Mungu atamsaidia. Jua lilikuwa bado juu. Alirudi nyumbani kuangalia tena kama amerejea, na hapo akaona watu wawili wanakuja kutoka upande wa daraja, wameshikana mikono.

Mmoja alikuwa Bi Mkubwa. Mwingine alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mweusi wa vumbi la mkaa kuanzia kilemba hadi kandambili. Kwapani alibana mfuko wa nailoni. Kila nyumba waliyoifikia, mwanamke huyo alimwacha Bi Mkubwa nyuma yake hatua moja, bila kumwachia mkono, akagonga, akauliza, akaenda ya pili.

"Hodi hapa! Huyu mama ni wa kwenu?"

Mama Pasi alikimbia kuwaendea. Alimshika mama yake uso kwa mikono miwili, akamtazama kama ameumia mahali. Bi Mkubwa alikuwa mzima, amekunywa maji, amekula, na viganja vyake vilikuwa vyeusi tititi.

"Afadhali," mwuza mkaa alishusha pumzi. "Hii ingekuwa nyumba ya kumi na tisa, dada. Sauti imeniisha."

"Ulimpata wapi?"

"Nimpate wapi? Alinipata yeye! Amekuja kibandani kwangu asubuhi, amekaa, akaanza kunikunjia magunia. Magunia yangu yote matupu, kona kwa kona, utadhani mashuka ya harusi. Nikamwambia bibi, acha, utachafuka. Ananiambia, 'Za watu hizi, lazima zikunjwe.' Nimemwacha akunje. Wateja wamekuja kushangaa, na mkaa nimeuza." Alicheka, meno yakang'aa kwenye ule weusi. "Basi alipoinama nikaona huku nyuma, kwenye ukosi wa gauni, hizi nyuzi. Nikasema, ala! Hizi mbona nazijua?"

Akafungua mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na mfuko mwingine, na ndani ya huo kulikuwa na foronya nyeupe, imekunjwa, haina doa ila vidole viwili vya mkaa kwenye kona moja.

"Hivyo vidole ni vyangu, nisamehe. Niliiokota mbele ya kibanda, wiki ya tano hii. Nilitoka nayo palepale nikamkimbilia mtu mmoja nikidhani ni yake, kumbe siye. Nimeuliza bonde zima. Nimewapelekea madobi watatu, wote wanasema alama si yao. Mume wangu ananiambia, foronya hii utazikwa nayo."

Mama Pasi aliitazama foronya, akaona aibu inampanda kutoka miguuni.

"Kwa nini hukuitundika tu ukutani?" aliuliza, sauti ndogo.

"Ukutani?" Mwuza mkaa alishangaa kweli. "Mvua ikinyesha je? Kitu cha mtu hakitundikwi, dada. Kinapelekwa."

Hapo Mama Pasi alishindwa kunyamaza. Alimwambia yote, foronya tatu, dalali na mwavuli wake, jinsi alivyorudi akaona patupu na kusonya. Hakuficha hata lile alilowaza kuhusu kuvuliwa. Mwuza mkaa alimsikiliza, mkono kiunoni.

"Yaani ulitupima?" alisema. "Kwa foronya? Mimi wiki tano nahangaika, kumbe mwenyewe aliitupa?"

"Nisamehe, dada yangu."

"Na tukafeli!"

"Niliyefeli ni mimi."

Mwuza mkaa alijaribu kukasirika, ila kicheko kilimshinda, akacheka hadi akashika ukuta, akaacha kiganja kizima cha mkaa kwenye chokaa ya watu. Mama Pasi naye akacheka, machozi yakimtiririka. Bi Mkubwa aliwaona wanacheka, akacheka pia.

"Basi nyinyi madobi mna vituko," mwuza mkaa alisema, akijifuta macho na kuzidi kujichafua. "Sikiliza. Nyuma ya kibanda changu kuna chumba, mwenyewe amehama juzi. Mimi kutwa niko pale, na bibi nimempenda, magunia yangu yamepata mtu. Ila nikuambie mapema, kuna vumbi la mkaa. Hizo nguo zako nyeupe zitanilaani."

"Mimi ni dobi," Mama Pasi alimjibu. "Uchafu ndio unaoniweka mjini."

"Lini?"

"Jumamosi."

Yale maneno aliyokuwa amempangia msimamizi hakuyasema kesho yake, wala siku nyingine yoyote.

Lakini hayo yalikuwa ya kesho. Wakati ule bado walikuwa wamesimama pale mlangoni. Bi Mkubwa alinyoosha mkono akaichukua foronya. Aliigeuza nje ndani, na kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye pindo, bila kumsubiri mwenye kichwa. Kikapita juu ya nyuzi tatu zilizolala na mmoja uliozikata. Kikarudi, kikapita tena.

"Ya kwetu hii," alisema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, mama," Mama Pasi alimwambia.

Bi Mkubwa aliinua macho, akamkodolea yule dada dobi anayempikia chai kila asubuhi. Alimtazama sana. Kisha akaupeleka mkono wake mweusi wa mkaa kwenye ukosi wa blauzi ya mwanawe, akaukunjua, akatafuta kwa kidole gumba. Mama Pasi aliinama ili aufikie. Kidole kilisimama. Bi Mkubwa akamgeukia mwuza mkaa, akasema kwa ile sauti yake ya zamani, ya siku za kugawa nguo kwenye mafungu:

"Na huyu ni wa kwetu. Msije mkamchanganya na wa watu."

"Hatumchanganyi, bibi," mwuza mkaa alimjibu.